Mkulima wa Karanga na Kikao Asichohudhuria: Kisa cha Joh Bjelke-Petersen wa Queensland

Tarehe 26 Novemba 1987, wabunge wa chama cha National katika jimbo la Queensland, Australia, walikutana Brisbane kuamua hatima ya kiongozi wao. Mwenyewe alisusia kikao. Kwa kura 38 dhidi ya 9 wakakubaliana kwamba kiti chake ki wazi, kisha wakamchagua Mike Ahern, waziri ambaye kiongozi huyo huyo alikuwa amemfukuza kazi siku mbili tu nyuma.

Aliyeng'olewa ni Joh Bjelke-Petersen, mkulima wa karanga kutoka Kingaroy, Waziri Mkuu wa Queensland tangu Agosti 1968. Mwaka mmoja kabla ya kikao hicho alikuwa ameshinda uchaguzi, chama chake kikipata viti 49 kati ya 89. Upinzani ulikuwa hoi. Makaa ya mawe yalikuwa yanauzwa Japani, na Brisbane ilikuwa inajiandaa kwa maonyesho ya dunia ya 1988. Mtu wa namna hiyo anang'olewaje na wabunge wake mwenyewe, wengi wao wakiwa wameingia bungeni kwa kushika koti lake?

Wengi wakisimulia kisa hiki huanza na ramani ya uchaguzi, yaani mipaka ya viti iliyokipendelea chama chake, nao wana haki. Lakini mwezi Novemba 1987 ramani ilikuwa pale pale, haijaguswa hata mstari mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mwenye shamba alikuwa ameondoka shambani. Joh hakujenga serikali inayoweza kwenda bila yeye. Aliiendesha kama mkulima anavyoendesha shamba lake: funguo zote mfukoni, vibarua wote wanamjua, hesabu zote kichwani. Mwaka 1987 akatazama kwingine kwa miezi michache, na miezi hiyo ilitosha.

Neno moja kabla sijaendelea. Nikisema jimbo, nina maana ya dola ndogo ndani ya shirikisho la Australia, yenye bunge lake, polisi wake na Waziri Mkuu wake. Jimbo la uchaguzi nitaliita kiti.

Banda la ng'ombe

Alizaliwa tarehe 13 Januari 1911 mjini Dannevirke, New Zealand, kwa wazazi Wadenmark. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye afya ya mashaka. Mwaka 1913 familia ikahamia karibu na Kingaroy, kwenye shamba waliloliita Bethany. Utotoni Joh aliugua polio, akabaki akichechemea. Shule aliacha akiwa na miaka 14.

Kwa takriban miaka 15 alilala kwenye banda kuukuu la kukamulia ng'ombe. Wanasiasa wengi wana hadithi ya umaskini waliyoitengeneza ukubwani. Hii haikutengenezwa, na ndiyo maana wapinzani wake hawakupata namna ya kuikejeli. Alilima karanga, akanunua mashine, akaanza kukodishwa na majirani kusafisha mapori. Matingatinga mawili yanafungwa mnyororo mzito katikati, yanakwenda sambamba, na kila mti uliosimama kati yao unalala chini. Alijifunza kurusha ndege, akafanya biashara ya kupanda mbegu na kunyunyiza dawa kutoka angani. Kabla hajafikisha miaka 40 alikuwa tajiri kwa vipimo vya Kingaroy.

Msomaji wa Tanzania akisikia karanga na matingatinga lazima akumbuke Kongwa. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1947, Waingereza, baadaye kupitia shirika lao la Overseas Food Corporation, walikuwa wanang'oa mapori ya Ugogo kwa ajili ya karanga, na mwaka 1951 mpango ukafungwa baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Shirika hilo hilo liliingia ubia na serikali ya Queensland mwaka 1948 kulima mtama, na huko nako halikudumu. Joh alikuwa akifanya kazi ya aina ile ile, ila kwa fedha zake, kwenye udongo mwekundu aliokua akiukanyaga, na akikosea hasara ni yake. Nadhani hapa ndipo alipojifunza kuwadharau wataalamu, na maisha yake yote hakuacha.

Mwaka 1946 akawa diwani wa halmashauri ya Kingaroy. Mwaka 1947 akaingia bunge la jimbo kwa kiti cha Nanango, na kuanzia 1950 kiti cha Barambah, akiwa wa chama cha wakulima, Country Party, ambacho Queensland kilibadili jina kuwa National mwaka 1974. Miaka kumi ya mwanzo alikaa upinzani bila kuonekana. Mwaka 1952 alimwoa Florence Gilmour, aliyekuwa katibu muhtasi katika ofisi ya kamishna wa barabara. Huyo ni Flo, ambaye baadaye Australia nzima ilimjua kwa skonzi zake za maboga, na ambaye mwaka 1981 aliingia Seneti ya shirikisho akakaa hadi 1993. Waliomcheka kwa ajili ya skonzi walikosea hesabu.

Uwaziri alipata mwaka 1963, wizara ya ujenzi na nyumba. Wizara hiyo ndiyo inayojenga shule na vituo vya polisi vijijini, hivyo mwenye kuishika anadaiwa shukrani na kila mbunge wa mashambani. Januari 1968 akawa naibu kiongozi wa chama. Tarehe 31 Julai mwaka huo Waziri Mkuu Jack Pizzey akafariki ghafla, na baada ya wiki moja ya kukaimiwa na Gordon Chalk wa chama cha Liberal, mshirika wao serikalini, Joh akaapishwa tarehe 8 Agosti.

Hakuna aliyetegemea angedumu. Mwaka 1970 wabunge wake walijaribu kumwondoa, akanusurika kwa tundu la sindano, kura yake mwenyewe ikiwemo. Mwaka huo huo ilijulikana kwamba kampuni ya boksiti ya Comalco, ilipouza hisa zake, iliwapa nafasi ya upendeleo baadhi ya mawaziri, na mke wa Waziri Mkuu alikuwa miongoni mwa walionunua. Joh hakuona ubaya. Kwake, mtu kufanikiwa kibiashara ni baraka ya Mungu, na kwamba mtu huyo ndiye pia anayetoa leseni ni jambo la pembeni.

Ramani

Queensland ni nchi kubwa mno, ukubwa wake ni karibu mara mbili ya Tanzania, na watu wake wengi wamejazana pembe ya kusini mashariki. Nani awe na sauti, Brisbane penye watu au magharibi penye kondoo na vumbi?

Jibu lilitolewa mwaka 1949, na hapa wengi hushangaa: lilitolewa na chama cha Labor, cha wafanyakazi, kile kile kilichokuja kuwa mpinzani mkuu wa Joh. Waziri Mkuu Ned Hanlon aligawa jimbo katika kanda, kila kanda na kipimo chake. Kiti cha Brisbane kilihitaji wapiga kura zaidi ya 10,000. Kiti cha magharibi ya mbali kilitosheka na chini ya 5,000. Wakati huo wakata manyoya ya kondoo, wachimba migodi na watu wa reli huko magharibi walikuwa ngome ya Labor, kwa hiyo ramani iliwafaa. Mwaka 1957 Labor ikapasuka, ikatoka madarakani, ikakuta silaha iliyoifua imo mikononi mwa wengine. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Warithi waliinoa. Miji ya mikoani ilizungushiwa mipaka ili kura za Labor zikusanyike humo, na mashamba yanayoizunguka yabaki salama kwa chama cha wakulima. Tazama uchaguzi wa 1972. Labor ilipata karibu 47% ya kura, ikaambulia viti 33 kati ya 82. Country Party ilipata 20% ikavuna viti 26, na ikaongoza serikali kwa kushirikiana na Liberal waliopata viti 21 kwa kura zaidi kidogo ya 22%. Yaani chama cha tatu kwa kura ndicho kilichotoa Waziri Mkuu. Waaustralia waliubatiza mtindo huo jina lake, Bjelkemander, ingawa baba mzazi alikuwa Hanlon.

Hata hivyo haitoshi kusema aliiba ushindi. Mwaka 1974 Labor ilianguka hadi viti 11, ikaitwa timu ya kriketi kwa kuwa ndiyo idadi ya wachezaji, na kipigo kile hakikutokana na ramani. Watu walimpenda. Hata mjini walimpigia.

Ramani ilikuwa na mwenzake anayesahaulika. Queensland haina baraza la juu la bunge, lilifutwa mwaka 1922, tena na Labor. Enzi za Joh bunge lililobaki halikuwa na hata kamati ya hesabu za serikali. Mwenye wingi wa viti hakuwa na wa kumuuliza. Majimbo mengine ya Australia nayo yalikuwa na mipaka iliyopinda, lakini yalikuwa na vyumba viwili, na chumba cha pili hata kikiwa kibovu humlazimu mtu kueleza anachofanya. Joh hakulazimika kueleza chochote kwa yeyote. Wanahabari akisema nao aliita kulisha kuku. Kuku tunawafahamu: tikisa debe, wanakuja mbio, wanadonoa walichomwagiwa. Akiulizwa swali gumu alijibu kwamba wasiwe na wasiwasi juu ya hilo. Sentensi zake zilikatika katikati, zikazunguka, zikapotea njia, na wasomi wa Brisbane wakadhani hana akili. Mkulima aliyemsikia redioni, anayezungumza vivyo hivyo, alimwelewa sana.

Mnyororo mjini

Alitawala kama alivyosafisha mapori. Julai 1971 timu ya raga ya Afrika Kusini, Springboks, ilizuru Australia, na kila mji kulikuwa na maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi. Joh alitangaza hali ya hatari kwa mwezi mzima. Mechi ikachezwa uwanjani penye uzio. Nje ya hoteli ya Tower Mill, walikofikia wachezaji, polisi waliwavamia waandamanaji gizani. Miongoni mwa wanafunzi waliopigwa siku hizo ni kijana aitwaye Peter Beattie, ambaye nitarudi kwake. Siku chache baadaye kulikuwa na chaguzi ndogo mbili, na serikali ikatoka nazo vizuri. Joh akajifunza hesabu mpya: picha ya polisi akimburuta mwanafunzi Brisbane ina thamani ya kura Barambah. Kongwa ile ya karanga, wakati huo, ilikuwa tayari imetumika kwa miaka kama kambi ya wapiganaji wa ANC. Dunia ni ndogo kuliko alivyodhani mtu wa Kingaroy.

Tarehe 4 Septemba 1977 alitangaza kwamba siku za maandamano ya kisiasa barabarani zimekwisha. Mwezi uliofuata zaidi ya watu 400 walikamatwa Brisbane kwa siku moja, na mwezi uliofuata huo alishinda uchaguzi. Aprili 1979, usiku, wabomoaji waliiangusha hoteli ya Bellevue, jengo la kale lililopendwa na wenyeji mkabala na bunge, umati ukizomea. Hakuna kibao kilichobandikwa, hakuna aliyeshauriwa, asubuhi palikuwa na kifusi.

Mwaka 1975 mkono wake ulifika Canberra. Seneta Bertie Milliner wa Labor alifariki mwezi Juni, na desturi ilikuwa jimbo limteue mtu wa chama kile kile. Joh alimteua Albert Field, fundi wa kung'arisha samani, mwanachama wa siku nyingi wa Labor lakini asiyemtaka kabisa Waziri Mkuu wa shirikisho, Gough Whitlam. Uteuzi ukapingwa mahakamani, Field akawa likizo, Labor ikabaki na upungufu wa kura moja Seneti, na bajeti ikakwama. Tarehe 11 Novemba 1975 Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia, akamfukuza Whitlam. Sisemi Joh peke yake ndiye aliyemwangusha, lakini bila hila ile hesabu ya Seneti ingekuwa nyingine. Mwaka 1977 Waaustralia walipiga kura ya maoni kubadili katiba ili hila hiyo isirudiwe.

Nitakaa kidogo kwenye kesi ya John Koowarta, maana ndiyo inayoonyesha upande ambao wapenzi wa Joh huupita haraka. Koowarta alikuwa mwenyeji wa jamii ya Wik, kaskazini kabisa, rasi ya Cape York. Mwaka 1976 tume ya ardhi ya serikali ya shirikisho ilikubali kununua ranchi ya Archer River kwa ajili yake na wenzake. Muuzaji alikubali. Fedha zilikuwepo. Serikali ya Queensland ikakataa kuidhinisha, kwa msimamo uliopitishwa na baraza la mawaziri kwamba wenyeji wa asili wasimilikishwe maeneo makubwa. Mkulima yeyote wa Kizungu angeuziwa kwa sahihi moja. Koowarta akashtaki kwa sheria ya 1975 inayokataza ubaguzi wa rangi, na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Australia, kwa majaji 4 dhidi ya 3, ikasema sheria hiyo ni halali. Serikali ya Joh ikaigeuza sehemu ya ardhi hiyo kuwa hifadhi ya taifa. Serikali iliyosafisha misitu kwa mnyororo ikawa ghafla mpenzi wa miti. Koowarta alifariki mwaka 1991, na watu wake walirudishiwa ardhi hiyo mwaka 2012.

Upande wa pili wa mizani upo. Alifuta kodi ya mirathi kuanzia mwaka 1977, wastaafu wa majimbo ya kusini wakahamia Gold Coast kwa maelfu, na majimbo mengine yakalazimika kufuta pia. Reli na bandari za makaa ya mawe zilijengwa. Akiwa na ndege ya serikali alifika vijiji ambavyo mawaziri wakuu waliotangulia walivijua kwa ramani tu, na mfugaji mwenye shida aliweza kumpigia simu nyumbani. Kwa watu waliozoea kusahauliwa, kupokelewa simu ni jambo kubwa. Lakini shida iliyomalizwa kwa simu haiachi njia kwa mwingine: asiye na namba hana pa kwenda, na siku mwenye simu hayupo, ofisi nzima haijui la kufanya.

Polisi

Kamishna Ray Whitrod aliletwa mwaka 1970 kusafisha polisi waliooza. Mwaka 1976 askari alimpiga rungu mwanafunzi wa kike aliyekuwa akiandamana, Whitrod akatangaza uchunguzi, Joh akauzuia. Kisha akampandisha Terry Lewis, inspekta aliyekuwa kituo cha mbali cha Charleville, kuwa kamishna msaidizi, akiwaruka maofisa wengi waliomzidi cheo. Whitrod akajiuzulu, Lewis akawa kamishna. Polisi walielewa ujumbe: waandamanaji wapigwe, mengine hayaulizwi. Madanguro na kamari vilikuwa marufuku kwa sheria, na vilikuwa wazi Brisbane kila usiku. Kila mwezi bahasha zilitembea.

Je, Joh alijua? Mimi naona swali lenyewe halina uzito linaopewa. Alikuwa mtu asiyekunywa pombe, mwalimu wa shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Inawezekana kabisa hakujua nani anapokea nini. Lakini alihakikisha hakuna chombo ambacho kingeweza kumwambia.

Mwaka 1983 ushirika wake na Liberal ulivunjika. Katika uchaguzi wa Oktoba chama chake kilipata viti 41 kati ya 82, kimoja pungufu ya wingi. Wabunge wawili wa Liberal, Don Lane na Brian Austin, wakahama wakampa wingi aliouhitaji. Sasa hakuwa na hata mshirika wa kumshika shati. Mwaka 1984 akapewa unaiti na Malkia. Mwaka 1985 aliwafukuza wafanyakazi wa umeme wapatao 1,000 waliogoma. Mwaka 1986 tajiri Alan Bond, aliyekuwa amenunua kituo cha televisheni Queensland, alimlipa dola 400,000 kumaliza kesi ya kashfa, na baadaye akaeleza kwenye televisheni kwamba bila malipo hayo ingekuwa vigumu kufanya biashara katika jimbo hilo. Na tarehe 1 Novemba 1986 ukaja ule ushindi wa viti 49, kwa chini ya 40% ya kura.

Safari

Ushindi huo ulimlevya. Matajiri wa Gold Coast waliovaa viatu vyeupe, wajenzi wa mahoteli waliopata utajiri chini yake, walimwambia kwamba anaweza kuwa Waziri Mkuu wa Australia nzima. Akakubali. Mwanzoni mwa 1987 kampeni ya Joh kwenda Canberra ilianza kwa vishindo, bila chama cha kueleweka, bila hata kiti anachogombea. Aprili ushirika wa vyama vya kihafidhina katika shirikisho ukavunjika kwa sababu yake. Bob Hawke wa Labor aliona embe limeiva: tarehe 27 Mei akaitisha uchaguzi wa mapema. Joh alikuwa Marekani. Hakugombea hata kidogo. Tarehe 11 Julai Hawke akashinda, na hata Queensland kwenyewe Labor iliongeza viti.

Wakati huo huo nyumbani mambo mengine yalikuwa yanapikwa. Jumatatu tarehe 11 Mei 1987 televisheni ya taifa, ABC, ilionyesha kipindi cha mwandishi Chris Masters juu ya rushwa ya polisi wa Queensland. Tuhuma za aina hiyo zilikuwa zimetolewa mara nyingi, na kila mara zilizimwa. Safari hii Joh hakuwepo ofisini. Aliyekaimu ni naibu wake Bill Gunn, ambaye pia alikuwa waziri wa polisi. Kesho yake Gunn akatangaza uchunguzi. Joh alimwonya kwamba ameshika chui mkia, na chui huyo atamgeukia.

Asiyekuwepo na lake halipo. Ukiniuliza utawala wa Joh ulikufa siku gani, nitakutajia Mei 12, si Novemba 26. Gunn hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mtu wa chama, mkulima kama bosi wake, aliyechoka kudanganywa na maofisa wake. Na maadamu hapakuwa na taratibu za kumzuia, sahihi ya kaimu ilitosha, kama ya mwenyewe ilivyotosha siku zote.

Mwanasheria Tony Fitzgerald alipewa kazi iliyodhaniwa ingechukua wiki chache. Ilichukua miaka miwili kasoro. Tume ilikaa siku 238, ikasikiliza mashahidi 339. Jack Herbert, mkusanyaji wa bahasha, alirudishwa kutoka Uingereza akaeleza kila kitu. Joh mwenyewe alipopanda kizimbani aliulizwa maana ya mgawanyo wa madaraka kati ya bunge, serikali na mahakama. Alikuwa amekaa bungeni miaka 40. Hakuweza kueleza. Walioshangaa walikuwa hawajamwelewa bado: ungemuuliza mwenye shamba mgawanyo wa madaraka kati yake na trekta, angekuangalia vivyo hivyo.

Novemba 1987 chama kilimtaka aondoke. Yeye alitaka abaki hadi 8 Agosti 1988 atimize miaka 20. Alikwenda kwa Gavana Walter Campbell akiomba kuvunja serikali na kuiunda upya ili awatupe nje mawaziri watano asiowaamini. Gavana akamwambia anayetaka kumfukuza waziri amfukuze mmoja mmoja. Akafukuza watatu, Ahern na Austin wakiwemo. Huyu Austin ni yule aliyehama kumwokoa mwaka 1983. Siku mbili baadaye wabunge walipiga kura niliyoanza nayo, naye kwa siku kadhaa akagoma kujiuzulu, Queensland ikiwa na kiongozi wa chama tawala asiye Waziri Mkuu na Waziri Mkuu asiye na chama. Tarehe 1 Desemba akaandika barua.

Kiti chake cha Barambah hakikwenda kwa Labor wala hakikubaki kwa National. Katika uchaguzi mdogo wa Aprili 1988 kilichukuliwa na mtu wa kikundi kidogo cha pembeni. Ripoti ya Fitzgerald ilitoka Julai 1989, na tarehe 2 Desemba Labor ya Wayne Goss ikashinda, ikamaliza miaka 32 ya utawala wa wahafidhina, kwa ramani ile ile iliyosemwa haishindiki. Lewis alihukumiwa kifungo cha miaka 14, unaiti wake ukafutwa. Lane na Austin nao walikwenda jela kwa kutumia vibaya fedha za umma.

Joh alishtakiwa mwaka 1991 kwa kusema uongo mbele ya tume, kuhusu dola 100,000 taslimu kutoka kwa mjenzi wa hoteli wa Singapore. Wazee wa baraza walishindwa kuafikiana. Ikagundulika kwamba kiongozi wa jopo hilo alikuwa mwanachama wa tawi la vijana la chama cha National. Mshtakiwa akiwa na miaka 80, hakushtakiwa tena. Mwaka 2003 aliidai serikali ya Queensland fidia ya dola milioni 338 kwa hasara aliyopata kutokana na uchunguzi. Walimkatalia.

Alifariki Kingaroy tarehe 23 Aprili 2005, umri miaka 94, akazikwa Bethany. Serikali ya jimbo ilimpa mazishi ya heshima. Waziri Mkuu wa Queensland wakati huo alikuwa wa chama cha Labor, Peter Beattie, yule mwanafunzi wa mwaka 1971. Alikwenda Kingaroy, akasimama mbele ya jeneza akasema maneno ya kumuaga. Brisbane, siku hiyo hiyo, watu walikusanyika kuandamana.